Namna ya Kuchunguza Molekuli Zenye Maisha Mafupi Ndani ya Maji: Mwongozo Kamili

Peroksinitriti ikitiwa kwenye bafa (mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 7.4 yenye joto la nyuzi 37 za Selsiasi, nusu yake huwa imekwisha kabla sekunde moja haijatimia. Radikali (molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza) ya haidroksili ikizaliwa ndani ya seli huishi kwa muda unaohesabiwa kwa nanosekunde. Nitroksili, yaani HNO, haiwezi kuhifadhiwa kwenye chupa, kwa sababu molekuli zake mbili zikikutana huishia kuwa N₂O na maji. Lakini hizi ndizo molekuli zinazotajwa kila panapozungumzwa uvimbe, kiharusi, ulinzi wa mwili dhidi ya bakteria na kutanuka kwa mishipa ya damu. Anayetaka kuzielewa hana budi kujifunza kemia ya vitu ambavyo hatavishika mkononi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au mtafiti wa baiolojia ambaye ana spektrofotomita, ana pipeti, na ana swali linalohusu mojawapo ya molekuli hizi. Naamini kwa dhati kwamba majaribio mengi ya eneo hili huharibika kabla pipeti haijaguswa, kwa sababu hakuna aliyekaa chini kuhesabu ni nani atakayeifikia molekuli hiyo kwanza. Kwa hiyo tunaanza na kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Ijue molekuli yako kwa namba

Andika mambo manne: pKa yake (pH ambayo nusu yake ina protoni na nusu haina), inavyokufa ikiachwa peke yake, mwanga inaoufyonza, na vitu inavyomenyuka navyo pamoja na konstanti za kasi. Jambo la pili ndilo linalowapotosha wengi, basi tulitazame kwa utulivu.

Superoksidi, O₂⁻, ina pKa ya 4.8 ikiwa katika umbo la asidi. Hufa kwa kukutana na mwenzake, ikatoa oksijeni na peroksidi ya haidrojeni. Huo ni mmenyuko wa daraja la pili, na maana yake ni kwamba huwezi kutaja nusu-maisha ya superoksidi bila kutaja ukolezi wake. Kwenye pH 7.4 konstanti ya kasi ni takriban 2×10⁵ M⁻¹s⁻¹. Ukiwa na 10 µM, nusu hupotea kabla ya sekunde moja. Ukiwa na 10 nM, itakaa dakika kadhaa. Ukishusha pH kuelekea 4.8, kasi hupanda mara mia hivi, kwa sababu hapo umbo lenye protoni na umbo lisilo na protoni yamo kwa kiasi sawa, na hayo mawili ndiyo yanayopendelea kukutana. Ioni mbili za superoksidi peke yake karibu hazimenyuki kabisa.

Oksidi ya nitriki, NO, inashangaza zaidi. Kasi yake ya kumenyuka na oksijeni majini hufuata k[NO]²[O₂], na k ni takriban 8×10⁶ M⁻²s⁻¹ kwa nyuzi 25. Maji yaliyoshiba hewa yana oksijeni ya karibu 250 µM. Fanya hesabu mwenyewe: NO ya 100 µM hupoteza nusu yake kwa sekunde 5 hivi, ya 1 µM kwa dakika 8 hivi, na ya 10 nM, ambayo iko karibu na viwango vya mwilini, kwa saa 14 hivi. Kinachoiua NO haraka mwilini si oksijeni ya kawaida. Ni himoglobini, na ni superoksidi, ambayo huikamata kwa kasi ya karibu 10¹⁰ M⁻¹s⁻¹, yaani kila zinapogongana ni kama lazima ziungane. Mtu aliyesoma tu kwamba NO huishi sekunde chache hawezi kupanga jaribio lolote lenye maana, kwa kuwa hajaambiwa ni sekunde chache mbele ya nani.

Peroksinitriti, ambayo huzaliwa kwenye muungano huo wa NO na superoksidi, hufa kwa daraja la kwanza, yaani kila moja hujifia bila kukutana na mwenzake, na hapo nusu-maisha ina maana kamili. pKa yake ni 6.8. Umbo lenye protoni, ONOOH, huvunjika lenyewe kwa kasi ya karibu 1.25 kwa sekunde kwenye nyuzi 25, na karibu 4.5 kwa sekunde kwenye nyuzi 37. Umbo la ioni ni tulivu. Kwenye pH 7.4 ni asilimia 20 tu iliyo na protoni, kwa hiyo kasi unayoiona ni sehemu moja ya tano ya hizo.

Namba hizi zitafutwe kwa uangalifu, na tarehe ya kipimo iangaliwe. Kwa takriban miongo mitatu pKa ya HNO ilichukuliwa kuwa 4.7, na watu wakaeleza matokeo yao wakiamini kwamba kwenye pH ya mwili wanashughulika na ioni NO⁻. Mwaka 2002 ikaonekana wazi kwamba namba sahihi ni karibu 11.4, na kwamba kupoteza protoni kwenyewe ni kwa polepole isiyo ya kawaida, kwa sababu elektroni za HNO zimejipanga kwa namna moja na za NO⁻ kwa namna nyingine. Kwenye damu, basi, kilichopo ni HNO. Maelezo mengi yaliyosimama juu ya ile 4.7 yalilazimika kuandikwa upya.

Hatua ya 2: Hesabu ya mashindano

Kanuni ni fupi. Kwa kila kitu kilichomo kwenye kuveti, zidisha konstanti yake ya kasi kwa ukolezi wake. Jibu ni kasi kwa sekunde. Mwenye namba kubwa ndiye atakayeila molekuli yako, na kila mmoja atapata sehemu inayolingana na namba yake.

Chukua mfano wa radikali ya haidroksili. Umeyeyusha dawa yako kwenye DMSO, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, na kwenye mmumunyo wa mwisho DMSO imebaki asilimia 0.1 tu. Kiasi hicho ni karibu 14 mM. DMSO humenyuka na haidroksili kwa karibu 7×10⁹ M⁻¹s⁻¹, kwa hiyo kasi yake ni karibu 10⁸ kwa sekunde. Protini unayoichunguza iko kwenye 100 µM. Tuseme konstanti yake ni 5×10⁹, basi kasi yake ni 5×10⁵. DMSO imechukua zaidi ya asilimia 99 ya radikali zote, na unachokipima ni kemia ya DMSO. Ethanoli haina nafuu kubwa, wala sukari, wala bafa za Tris na HEPES. Ukiona ripoti inayodai kwamba kitu fulani cha mikromola chache kinalinda seli kwa kunasa haidroksili moja kwa moja, fanya hesabu hii. Mara nyingi inatosha.

Mfano wa pili ni wa peroksinitriti, nao nauona kuwa somo bora kuliko yote katika fani hii. Ioni yake humenyuka na kaboni dioksidi kwa karibu 2.9×10⁴ M⁻¹s⁻¹ kwenye nyuzi 25. Maji yaliyoachwa wazi hewani hubeba kaboni dioksidi ya karibu 14 µM. Zidisha, ukizingatia kwamba asilimia 80 ndiyo iliyo katika umbo la ioni: unapata zaidi kidogo ya 0.3 kwa sekunde, huku peroksinitriti ikijifia yenyewe kwa 0.25 kwa sekunde. Yaani hewa ya chumbani peke yake inatosha kuibadilishia njia zaidi ya nusu ya peroksinitriti yako, na mazao ya njia hizo mbili si sawa. Ikijivunjia yenyewe, karibu asilimia 30 hutoa radikali za haidroksili na NO₂, na iliyobaki huwa nitrati. Ikipita kwa kaboni dioksidi, karibu theluthi moja hutoa NO₂ na radikali ya kabonati, ambayo haina pupa kama haidroksili na huchagua inachokigusa. Mwilini, penye kaboni dioksidi ya karibu 1.3 mM, njia hii ya pili humaliza nusu ya peroksinitriti kwa milisekunde 12 hivi.

Hatua ya 3: Maji, bafa na metali zisizoalikwa

Fosfati ndiyo bafa ninayoipendelea kwa radikali, kwa sababu karibu haigusani nazo. Ila fosfati inayouzwa huja na chuma na shaba kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuendesha mmenyuko wa Fenton, unaojulikana tangu 1894, ambapo chuma na peroksidi ya haidrojeni huzaa haidroksili. Pitisha bafa kwenye chembe za resini ya Chelex, kisha weka DTPA, kishika metali, ya 0.1 mM. Usichague EDTA, kishika metali kingine, kwa mazoea: chuma kilichoshikwa na EDTA bado huendesha Fenton, tena vizuri, ilhali kilichoshikwa na DTPA huwa kizito sana kupokea elektroni kutoka kwa superoksidi.

Bafa ipimwe kabla ya kutiwa DTPA. Kuna kipimo rahisi kisichohitaji mashine ya gharama. Weka askobati ya karibu 125 µM kwenye bafa ya pH 7 na ufuatilie ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 265 kwa dakika 15. Bafa safi haitaonyesha karibu upungufu wowote. Ikipungua zaidi ya asilimia 0.5, metali zipo. Ukifanya hivi kila unapotengeneza bafa mpya utaokoa kazi nyingi.

Kama unahitaji bafa isiyo na kaboni dioksidi, pitisha agoni kwenye fosfati ingali upande wa asidi, ambapo kabonati yote iko katika umbo la gesi na inatoka, kisha ipandishe pH kwa haidroksidi ya sodiamu mpya. Haidroksidi iliyokaa kwenye chupa iliyofunguliwa mara nyingi imekwisha kufyonza kaboni dioksidi kutoka hewani, na itakurudishia ulichokitoa. Na kama swali lako ni la mwili, fanya kinyume: weka bikabonati ya 25 mM kwa makusudi, sawazisha na gesi yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi, na usidai kwamba jaribio lisilo na bikabonati linaeleza damu.

Hatua ya 4: Chagua chanzo, ujue kinachokuja nacho

Hakuna chanzo kinachotoa molekuli moja safi. Kila kimoja huleta wenzake.

Gesi ya NO hupitishwa kwanza kwenye haidroksidi ya sodiamu ili kuondoa NO₂, kisha ndani ya maji yaliyotolewa oksijeni. Maji hushiba kwenye karibu 1.9 mM kwa nyuzi 25. Ni gesi ya sumu, na ikigusa hewa hugeuka kuwa NO₂ iliyo mbaya zaidi kwa mapafu, kwa hiyo kazi ifanyike ndani ya kabati linalovuta hewa kwenda nje. Uhamishe kwa sirinji isiyopitisha gesi na usiache nafasi ya hewa juu ya mmumunyo. NO inapenda gesi kuliko maji: ikitulia, mililita moja ya hewa hubeba NO mara 20 hivi ya mililita moja ya maji. Chupa iliyojazwa nusu imekwisha kupoteza karibu yote.

Dawa za kundi la NONOati ni rahisi zaidi kuzitumia. Hukaa salama kwenye haidroksidi ya 10 mM, na zikiingia pH 7.4 huanza kutoa NO kwa kasi inayojulikana: kwenye nyuzi 37, DEA/NO ina nusu-maisha ya dakika 2, ile ya spemini dakika 39, na DETA/NO saa 20. Chagua kulingana na urefu wa jaribio lako. Hesabu ukolezi wa NO katika kila dakika, wala usiandike tu ulitia mikromola ngapi za dawa.

Kwa HNO, chumvi ya Angeli ndiyo chaguo la kawaida. Nusu-maisha yake kwenye pH 7.4 na nyuzi 37 ni dakika 2.5 hivi, na kwa kila HNO moja hutoa pia nitriti moja. Ukolezi wa mmumunyo mama (akiba iliyokolea unayochotea) upimwe kwenye nanomita 248, ambapo kigezo cha ufyonzaji ni takriban 8,000 M⁻¹cm⁻¹. Ukiongeza dawa mara kumi, HNO inayopatikana kwenye mmumunyo mtupu haiongezeki mara kumi, kwa sababu HNO mbili hukutana kwa 8×10⁶ M⁻¹s⁻¹ na kuangamizana. Kukiwa na glutathioni ya 1 mM hali ni nyingine: thioli (misombo yenye kikundi cha –SH, kama glutathioni) huikamata HNO kwa zaidi ya 10⁶ M⁻¹s⁻¹, na karibu yote huishia hapo. Chumvi hii isitumike kwenye asidi kali, kwani chini ya pH 4 huanza kutoa NO badala ya HNO.

Peroksinitriti hutengenezwa kwa kuchanganya nitriti na peroksidi ya haidrojeni kwenye asidi ndani ya mirija, na kuipokea ndani ya haidroksidi kabla sekunde moja haijapita. Peroksidi iliyobaki huondolewa kwa dioksidi ya manganizi, ambayo nayo lazima ichujwe isibaki hata chembe. Hifadhi kwenye nyuzi −80. Kila siku ya kazi pima upya kwenye nanomita 302 ndani ya haidroksidi, ukitumia 1,670 M⁻¹cm⁻¹. Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko wiki iliyopita haifai kitu leo.

Hapa kuna mtego ambao sharti uuhesabu. Mmumunyo mama umekaa kwenye haidroksidi ya 0.3 M, nawe unatia mikrolita 10 ndani ya mililita moja ya fosfati ya 25 mM. Umeongeza haidroksidi ya 3 mM. Fosfati yako kwenye pH 7.4 ilikuwa na karibu 5 mM tu ya umbo la asidi. Sasa imebaki 2 mM, na pH imepanda hadi karibu 7.9. Kwa kuwa pKa ya peroksinitriti inalingana na ya fosfati, sehemu yenye protoni imeshuka kutoka asilimia 20 hadi 8, na kila kitu kinakwenda polepole mara mbili na nusu. Tumia fosfati ya 100 mM, tia kiasi kidogo, na upime pH baada ya mmenyuko.

Kimeng'enya cha ksanthini oksidasi hutoa superoksidi pamoja na peroksidi ya haidrojeni, na ni sehemu tu ya elektroni zake inayopitia superoksidi. Dawa ya SIN-1 hutoa NO na superoksidi pamoja, lakini pakiwa na kitu kingine cha kupokea elektroni yake badala ya oksijeni, hugeuka kuwa chanzo cha NO peke yake. Ndani ya seli vitu vya namna hiyo ni vingi.

Hatua ya 5: Chagua saa inayolingana na kasi

Kuchanganya kwa mkono huchukua sekunde moja au zaidi. Chochote kinachokwisha kabla ya hapo hukiona, na mbaya zaidi, ulichotia kinamenyuka pale pale penye ncha ya pipeti, kwenye ukolezi mara mia ya uliokusudia.

Mtiririko unaosimamishwa ghafla, uliotokana na kazi ya Hartridge na Roughton mwaka 1923, huchanganya vitu ndani ya milisekunde 1 hadi 2. Kwa peroksinitriti ndicho kifaa hasa: sirinji moja ibebe peroksinitriti ndani ya haidroksidi hafifu, nyingine bafa yenye kitu unachokichunguza. Weka kitu hicho kwa ukolezi mara kumi au zaidi ya peroksinitriti ili mkunjo uwe wa daraja la kwanza, rudia kwa viwango vitano au sita, kisha chora kasi dhidi ya ukolezi. Mteremko wa mstari ndio konstanti ya kasi. Mahali mstari unapokata mhimili ni kasi ya kujifia yenyewe, na lazima ilingane na uliyoipima bila kitu hicho. Isipolingana, kuna mgeni kwenye mmumunyo, na mara nyingi mgeni huyo ni kaboni dioksidi.

Kwa radikali zenyewe huhitaji kuchanganya. Unazizalisha ndani ya mmumunyo kwa mpigo. Norrish na Porter walipewa Tuzo ya Nobel ya 1967, pamoja na Eigen, kwa kuchunguza mimenyuko ya kasi kubwa, wao wakitumia mmweko wa mwanga. Radiolisisi ya mapigo hutumia elektroni zenye nishati kubwa, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuamua radikali gani ibaki. Mnururisho ukipita majini hutoa haidroksili na elektroni iliyozungukwa na maji, kila moja kwa takriban 0.28 µmol kwa juli, pamoja na atomi chache za haidrojeni. Ukishibisha maji kwa N₂O, elektroni zote hugeuka haidroksili. Ukiweka fomati na oksijeni, karibu radikali zote huishia kuwa superoksidi. Ukiweka tert-butanoli na kuondoa oksijeni, haidroksili huondolewa na elektroni hubaki, ikionekana kwenye nanomita 720 hivi. Mitambo hii ni michache duniani na huombwa kwa pendekezo la utafiti, lakini konstanti nyingi tunazozitumia zilitoka huko, na anayezitumia anapaswa kujua zilivyopatikana.

Asiye na kifaa chochote cha kasi bado ana mashindano. Weka kitu chako pamoja na kingine ambacho konstanti yake inajulikana, viwanie molekuli moja, kisha pima zao la kila kimoja baada ya vumbi kutulia. Uwiano wa mazao, ukigawanywa kwa uwiano wa ukolezi, ni uwiano wa konstanti. Spektrofotomita ya kawaida inatosha.

Hatua ya 6: Utambuzi

Superoksidi hutambuliwa kwa kupunguza (kuipa elektroni) protini ya saitokromu c, ambayo hubadilika kwenye nanomita 550 kwa takriban 21,000 M⁻¹cm⁻¹. Namna hii ndiyo iliyowafikisha McCord na Fridovich kwenye superoksidi dismutasi, kimeng'enya kinachoondoa superoksidi, mwaka 1969. Askobati na thioli pia huipunguza saitokromu, kwa hiyo kinachohesabika ni ile sehemu tu inayozuiwa na dismutasi.

Rangi za mng'aro nazitilia mashaka makubwa, hasa DCFH inayopendwa mno. Huoksidishwa na peroksidasi, na chuma, na NO₂, na radikali ya kabonati. Na radikali yake ya katikati humenyuka na oksijeni ikazaa superoksidi mpya. Kifaa cha kupimia kinatengeneza kinachopimwa. Usiandike kwamba umepima peroksidi ya haidrojeni kwa DCFH. Misombo ya boronati ni ya kuaminika zaidi kwa peroksinitriti: humenyuka nayo moja kwa moja kwa karibu 10⁶ M⁻¹s⁻¹, na kwa peroksidi ya haidrojeni kwa karibu 1 tu. Asidi ya hipokloro nayo huigusa boronati, kwa hiyo penye seli nyeupe za damu uwe mwangalifu.

Mitego ya spini kama DMPO, inayonasa radikali, hukupa alama ya radikali kwenye mashine ya EPR, inayosoma elektroni zisizo na wenza, lakini alama husomwa vibaya na asiyejua. DMPO iliyonasa superoksidi hudumu dakika moja hivi, kisha hugeuka kuonekana kama iliyonasa haidroksili, yenye mistari minne ya 1:2:2:1. Chuma nacho huweza kuleta alama hiyo hiyo pasipo radikali yoyote, kwa kuiongezea DMPO molekuli ya maji. Ongeza DMSO: kama haidroksili ni ya kweli, alama hiyo itapungua na ya radikali ya methili itatokea.

Hatua ya 7: Majaribio linganishi yasiyoepukika

Kwa peroksinitriti, badili mpangilio. Itie kwanza kwenye bafa, subiri dakika tano ife, ndipo utie protini. Athari ikibaki ile ile, ilisababishwa na nitriti, peroksidi au haidroksidi. Kwa chumvi ya Angeli, tia nitriti ya kiasi sawa, na pia chumvi iliyokwisha kuvunjika. Kwa NONOati, tia mabaki yake.

Kimeng'enya kilichochemshwa hutumika kama kilinganishi cha dismutasi, ila dismutasi ya shaba na zinki huvumilia joto sana, na ikifa huweza kuachia shaba. Pima kama kweli imekufa, na tia DTPA.

Kuna jaribio moja la kufikiri ambalo hufungua mengi: je, kitu chako kinaharakisha kifo cha molekuli, au kinavuna tu mabaki yake? Peroksinitriti huweka kikundi cha nitro kwenye tairosini, na hilo limepimwa kwenye tishu nyingi. Lakini ukiongeza tairosini, peroksinitriti haifi haraka zaidi hata kidogo. Hakuna mmenyuko wa moja kwa moja kati yao; tairosini hushambuliwa na radikali ya kabonati au haidroksili, kisha NO₂ huungana na radikali ya tairosini. Zao pekee lisingekueleza hayo. Ilibidi mtu apime zao na kasi pamoja.

Hatua ya 8: Chora njia ya mmenyuko

Pima kasi kwenye pH nyingi, sio kwenye 7.4 peke yake. Mkunjo wenye umbo la kengele una maana kwamba mmoja anatakiwa awe na protoni na mwenzake asiwe nayo, na kilele chake huwa katikati ya pKa mbili zinazohusika. Thioli na peroksinitriti ni mfano, ambapo ONOOH hukutana na thioli iliyopoteza protoni. Badili kiwango cha chumvi pia. Vitu viwili vyenye chaji za aina moja humenyuka haraka zaidi chumvi inapoongezeka, vyenye chaji kinyume hupungua kasi, na kisicho na chaji hakijali. Kwa njia hii ilithibitishwa mwaka 1962 kwamba elektroni iliyomo majini ina chaji ya hasi moja. Halafu hesabu nitrojeni yote: nitriti kwa kipimo cha rangi cha Griess, nitrati, N₂O kwenye hewa ya juu. Jumla isipofika karibu na ulichotia, kuna zao ambalo hujaliona.

Kurudi kwenye seli, rudia hesabu ya hatua ya pili ukiwa na namba za seli. Kwa peroksinitriti kwenye nyuzi 37: glutathioni ya 5 mM kwa 1.4×10³ M⁻¹s⁻¹ inatoa 7 kwa sekunde. Kaboni dioksidi inatoa karibu 60. Vimeng'enya vya peroksiredoksini, vinavyoondoa peroksidi, vya makumi ya mikromola, kwa 10⁶ hadi 10⁷ M⁻¹s⁻¹, vinatoa kuanzia makumi hadi mamia. Glutathioni, inayosifiwa kama mlinzi mkuu, huambulia sehemu ndogo ya kwanza, ingawa husafisha radikali zinazofuata. Dawa mpya inayodaiwa kunasa peroksinitriti ndani ya seli kwa 10 µM ingehitaji konstanti ya angalau 10⁷ ili iweze hata kuonekana mbele ya hao.

Kwenye daftari la maabara, kwa kila jaribio, andika joto, pH ya mwisho iliyopimwa, aina ya bafa na ukolezi wake, kishika metali kilichotumika, kama kaboni dioksidi iliondolewa au iliongezwa, ukolezi wa mmumunyo mama uliopimwa siku hiyo hiyo, na njia ya kuchanganya. Jaribio lisilo na mojawapo ya hayo halirudiki, wala na wewe mwenyewe.